Niliuza Kitanda cha Manjano

Nilimuuzia mama mmoja wa Kisauni kitanda cha mtoto nilichokipiga rangi ya gari. Rangi yenyewe ilikuwa imebaki gereji, ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala karatasi. Wakati ule sikujua kwamba rangi inaweza kumdhuru mtoto anayeitafuna. Baadaye nilijua, nikanyamaza. Na nilipoulizwa nilijua lini, nikadanganya. Makosa ni hayo matatu. La kwanza watu hunisamehe upesi mno. La pili nililikiri nusu, na la tatu sijawahi kulisema mahali popote.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo mjini Mombasa. Mshahara ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, nikaingia kwenye biashara ya fanicha kuukuu. Mji huu haukosi. Hoteli za Nyali na Diani zikibadilisha samani huuza za zamani kwa mkupuo. Familia zinazohamia Nairobi au ng'ambo huuza kila kitu wiki ya mwisho, kwa bei ya kutupa. Na ziko za mitumba zinazoshuka bandarini kwenye makontena. Nyingi katika hizo ni mbao ngumu, mvule, msaji, mkangazi, mbao ambazo leo ukimwambia seremala akuchongee kabati kwazo, jibu lake litakurudisha nyumbani mikono mitupu. Kinachozishusha bei ni sura tu. Hewa ya chumvi hula vanishi mpaka ikababuka, jua la dirishani hupausha ubavu mmoja, watoto huchora kwa kalamu. Ndani, mbao ni nzima. Kabati jipya la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hilo mvua za masika zikiligusa miguu hufura na milango haifungi tena.

Fundi mmoja mzee wa Majengo ndiye aliyenitia kazini. Alinifundisha kuosha kwanza kwa sabuni, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta ya mikono ya watu. Kisha fungua vipini na bawaba zote, ziba mashimo kwa puti, piga msasa mkavu ulio mkali halafu ulio laini, ukifuata nyuzi za mbao na si kuzikata. Piga andakoti. Rangi yenyewe ipige mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito, na katikati uiache ilale usiku mzima. Mwezi wa Mei, kwa unyevu wa Mombasa, iache hata siku mbili. Mvule alinionya nisiuchezee: una mafuta yake ya asili yanayoizuia rangi ya mafuta kukauka, kwa hiyo sharti uufute kwa tina na kuuziba kabla ya rangi. Yote hayo niliyashika. Sikuwahi kumuuliza rangi imetengenezwa kwa nini, wala yeye hakuwahi kunieleza. Swali letu lilikuwa moja: itashika au haitashika?

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikagundua kwamba kibaya kikipigwa rangi nyeupe nacho hujiuza. Picha mbili kwenye simu, ya kabla na ya baada, na kitu kilichokaa stoo mwaka mzima kinaondoka siku hiyo hiyo. Nikaanza kujiona fundi.

Mapema mwaka 2024 nikapata kitanda cha mtoto cha mitumba, chenye fito pande zote na ubao wa juu uliochongwa ukawa mviringo ili mtoto asiumie. Mteja alikuwepo tayari, mjamzito, hajui kama atajifungua wa kike au wa kiume, kwa hiyo akataka manjano. Nilikiweka uani nikaanza kukipiga msasa. Kilikuwa cheupe juu. Chini ya weupe ikatokea kijani, chini ya kijani rangi ya maziwa ya zamani iliyochakaa. Hapo palitoka vumbi jingi ajabu. Lilitanda kwenye kifuniko cha pipa la maji, kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, kwenye benchi la mlangoni. Watoto wa jirani wakaja wakaandika majina yao kwa kidole juu ya vumbi lile kwenye benchi. Nilicheka, nikawapiga picha. Mmoja alikuwa akilamba kidole ili herufi zitoke vizuri.

Kisha manjano. Mkebe wa lita nne dukani ungenimalizia faida yote, na kitanda kidogo hakitaki hata robo yake. Nikakumbuka gereji moja inayopiga rangi matatu. Tangu kanuni za usafiri za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zote za Kenya hubeba mstari wa manjano ubavuni, kwa hiyo manjano hapo haiishi. Kijana wa gereji akanimiminia iliyobaki, akanichanganyia na tina, akasema, "Madam, hii jua halitaifanya kitu." Alisema kweli. Ilikauka kabla ya adhuhuri na iling'aa mpaka fito zilionekana kama zimelowa. Yule mama alipokuja kukichukua alikipapasa ubao wa juu kwa kiganja, akasema mtoto wake atalala kama mfalme. Nilipokea pesa na dua.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Kama ningeishia hapo, ningejitetea kwa kutojua, ingawa utetezi wenyewe ni dhaifu kwa mtu wa Mombasa.

Oktoba ya mwaka huo nilikuwa nikisahihisha madaftari, redio imewashwa. Oktoba kila mwaka kuna wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu ya madini ya risasi, na mazungumzo yalianza kwa Owino Uhuru. Hapa petu hakuna asiyeijua Owino Uhuru: kijiji cha Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofanya kazi tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014, moshi na maji yake yakiingia majumbani mwa watu. Phyllis Omido aliyeajiriwa kiwandani hapo aligundua kwamba mwanawe mchanga ameingiwa na risasi, akaanza kupiga kelele, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari hizo kwa fahari. Sikuwahi kudhani zinanihusu.

Mzungumzaji akatoka kwenye betri akaingia kwenye rangi. Risasi, alisema, mwili hauna kazi nayo hata chembe, lakini huipokea kwa kuidhania kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno, na nyingine ikafika kwenye ubongo. Mtoto mdogo akiimeza huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, tena wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ikiwa kidogo haileti homa wala upele. Hujitokeza baadaye, darasani, kwa mtoto asiyetulia na asiyeshika somo. Nami ni mwalimu. Watoto wa namna hiyo nimewaita wavivu mbele ya wenzao.

Halafu akaitaja manjano. Viwanda vilitia risasi kwenye rangi kwa sababu huipa rangi mng'ao, huifanya ikauke upesi na kustahimili jua na kutu. Katika rangi zote, manjano ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani unga uliotumika kwa miongo mingi kuyapa magari, mashine na mistari ya barabara manjano yake ni kromati ya risasi, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi yenyewe. Nikaweka kalamu chini. Kukauka upesi, kung'aa, kustahimili jua: zilikuwa sifa zile zile tatu zilizonifurahisha katika rangi ya gereji.

Usiku ule nilisoma mpaka karibu na alfajiri, na kadiri nilivyosoma ndivyo udhuru wangu ulivyopungua. Daktari J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika mwaka 1904 kwamba watoto wa huko waliougua kwa sumu ya risasi waliipata kwenye rangi ya vizuizi vya baraza za nyumba zao. Jua liligeuza rangi kuwa unga, watoto wakashika, wakatia vidole mdomoni. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1909. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa na mkataba wake mwaka 1921. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi za majumbani mwaka 1978, na mwaka 2009 ikateremsha kikomo hadi sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Kenya iliweka kikomo hicho hicho cha 90 mwaka 2018, miaka sita kabla ya mimi kwenda gereji na chupa yangu. Yote yalikuwa yameshaandikwa. Kinga yake ilikuwa kununua mkebe uliofungwa wenye maelezo, nami niliukimbia kwa ajili ya faida.

Asubuhi nilikuwa na nambari ya simu ya yule mama. Mtoto wake wakati huo alikuwa na miezi mitano, hana jino hata moja, hawezi kusimama. Kitanda kwake kilikuwa mahali pa kulala tu. Ningepiga simu siku hiyo, kingetolewa chumbani kabla hajaujua ubao wa juu.

Sikupiga. Nilijiambia labda ile rangi haina kitu, nani ameipima? Nilijiambia ninaweza kumtia hofu mzazi bure. Nilijiambia nitakwenda mwisho wa mwezi nikishapata pesa za kumrudishia. Kila hoja ilikuwa na sura ya busara, na zote zilifanya kazi moja ya kuilinda biashara yangu. Habari ya kitanda chenye sumu ingezunguka mji kwa siku moja, na hakuna ambaye angenunua tena hata kigoda kwangu. Wiki zikapita. Nikaacha kwenda gereji, nikaanza kununua rangi dukani, nikajihesabu kuwa nimetubu. Mwizi aliyeacha kuiba bila kurudisha mali ametubu nini?

Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwarejeshea watu wa Owino Uhuru fidia yao, baada ya Mahakama ya Rufaa kuitengua mwaka uliotangulia. Nilishangilia kuliko wote. Nilisimama nikaeleza jinsi wenye viwanda wanavyojua na kunyamaza kwa sababu ya pesa. Nilisema maneno hayo kwa mdomo wangu, na kitanda kiko Kisauni.

Ramadhani ya 2025 simu ikalia. Ni yeye. Dadake naye ni mjamzito, anataka kitanda kama kile kile cha manjano. Nikamwambia rangi ile imekwisha. Akasema si kitu, nitafute, watasubiri. Nikasema nitaona. Nilipokata simu nikafahamu kwamba mlango wa uongo niliouingia hauna mwisho; nitaikataa manjano leo, kesho atakuja binamu. Alasiri iliyofuata nikapanda matatu kwenda Kisauni.

Nilimkuta mtoto amesimama kitandani, amejishika kwenye ubao wa juu, anautafuna. Meno mawili chini, mawili juu. Alipouachia kunitazama niliona mistari aliyoichimba, myembamba, iliyokaa sambamba: manjano imekwanguka, kwenye kingo zake inaonekana ile kijani ya chini ambayo msasa wangu haukuimaliza, na katikati mbao tupu iliyolowa mate. Kwenye godoro palikuwa na vipande vya manjano vidogo kama punje za mchele. Mamake alicheka akasema, "Huyu panya wangu, dada. Tangu meno yaanze hapumziki."

Nilimwambia kila kitu kuhusu rangi. Alimtoa mtoto kitandani kabla sijamaliza. Hakupiga kelele, hakunitukana. Alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya leso, kisha akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Juzi."

Nilikuwa nimesafiri kwenda kusema ukweli, na nilipofika kwenye neno lililonigharimu nikalikwepa. Nilitaka anione mtu aliyesikia jambo na kukimbia mara moja kumtahadharisha. Na ndivyo alivyoniona. Alinishukuru. Aliniombea Mungu anilipe kwa uaminifu wangu, mchana wa Ramadhani, nami nikaitikia amina. Sijafanya jambo baya zaidi ya amina ile.

Nilimrudishia pesa zake zote, nikakichukua kitanda. Alimpeleka mtoto hospitali, damu ikachukuliwa ipimwe risasi. Majibu ni yake na mumewe. Hawakunionyesha, na sina haki ya kuyadai. Kijana mmoja wa karakana alinishauri nikichome kitanda au nikibabue rangi kwa moto wa gesi, ndiyo njia ya mkato ya mafundi wengi. Nilikataa: moto huirusha risasi hewani ikawa moshi wa kuvuta. Kimefungwa kwa nailoni ngumu stoo, kimeandikwa KISITUMIKE, mpaka wenye leseni ya taka za sumu wakichukue.

Kwa wenzangu wa kazi hii, haya ni mambo machache ambayo mimi nilipaswa kuyazingatia kabla. Rangi ya gari, ya mashine au ya barabara haina kazi kwenye samani za nyumbani, hata ikiwa ya bure. Nunua mkebe uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na mwambie muuzaji unataka isiyo na risasi. Kwa kitu cha mtoto chagua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Zile za Ulaya zilizopimwa kwa vifaa vya kuchezea huandikwa EN 71-3. Ukikutana na tabaka za rangi ambazo huzijui umri, usizipige msasa mkavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, jifunike pua na mdomo, tandika nailoni chini, watoto wasikaribie. Vumbi usilifagie, lipanguse kwa kitambaa kibichi ukitupe. Nawa kabla ya kula, na nguo za kazi usizifue pamoja na za watoto. Kama kitanda cha mtoto kina rangi ya zamani inayobabuka, kiache. Liko kabati, iko meza, ziko droo za kutosha mji huu kumpatia fundi riziki.

Na wewe mnunuzi, ukiona kitu kuukuu kimeng'arishwa, uliza kimepakwa nini, na uombe kuonyeshwa mkebe. Anayekasirika kwa swali hilo mwachie mali yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami naona afadhali nijiumbue mwenyewe. Kwa mama wa Kisauni: haikuwa juzi. Ilikuwa Oktoba, na mwanao alikuwa hajaota jino. Dua ulizoniombea sikuzistahili, na kama utataka kunishtaki, makala haya ni ushahidi wako.

Kwa wengine mlionunua kwangu viti, vigoda au kitanda cha manjano mwaka 2024: msikiparue, msikichome, msikipe jirani. Kitoeni kwanza mahali watoto wanapofika, kisha mnipigie. Nambari yangu ni ile ile, na pesa zenu nitarudisha.